Je, Asidi ya Foliki Huleta Kisukari cha Mimba? Swali Kutoka Tukuyu

Mama huyo alikuwa na umri wa miaka 31 na mimba ya wiki tisa. Alifika katika kliniki ya madaktari bingwa tuliyokuwa tukiiendesha Tukuyu kwa siku chache, akiwa ameongozana na mama mkwe wake, wote wawili wamelowa, kwani mvua ya Rungwe ilikuwa imeshuka tangu alfajiri kama ilivyo ada yake. Katika pindo la khanga alikuwa amefunga vidonge vya asidi ya foliki vya miligramu 5. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kimeguswa.

Nilipofungua kadi yake ya zamani nilielewa kwa nini alipewa vidonge hivyo. Miaka mitatu iliyotangulia alijifungua mtoto mwenye mgongo wazi, aliyeishi siku kumi na moja tu. Mtaalamu aliyemhudumia baadaye alimwelekeza ipasavyo: atakapokusudia kubeba mimba nyingine, aanze kumeza vidonge miezi mitatu kabla. Mama akavinunua. Kisha akatumiwa ujumbe kwenye simu uliosema kwamba vidonge vya foliki huwaletea wajawazito kisukari. Dada yake mkubwa anaugua kisukari na amekwisha kukatwa mguu.

"Daktari," aliniambia, "mtoto nilimzika, ni kweli. Lakini dada yangu namwona kila siku."

Sikumlaumu. Mtu aliyeuona mguu wa nduguye ukikatwa hawezi kuambiwa tu kwamba asisikilize maneno ya mitaani. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na katika jambo hili kweli kipo kitu, ila si kile kilichosemwa katika ujumbe ule. Makala haya yanajaribu kueleza kilichopo, kwa ajili ya akina mama wa Rungwe na Busokelo, na pia kwa ajili ya wenzangu wanaoketi kila siku nyuma ya meza ya kliniki ya mama na mtoto na kuulizwa swali hilo hilo.

Foliki ni nini, na kwa nini tunaing'ang'ania

Foliki ni mojawapo ya vitamini za kundi B. Jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani, kwa sababu mwaka 1941 watafiti wa Marekani waliitenga kutoka katika majani ya mchicha wa kizungu. Miaka kumi kabla ya hapo, daktari Mwingereza Lucy Wills, aliyekuwa akifanya kazi Bombay, alikuwa amegundua kwamba upungufu wa damu wa aina fulani kwa wajawazito maskini ulipona kwa kula hamira iliyosindikwa. Hakujua kilichomo ndani yake. Aliona tu kwamba kinaponya. Kilikuwa foliki.

Mwili huihitaji foliki kila mahali ambapo chembe mpya zinaumbwa: katika damu, katika kondo la nyuma, na zaidi ya yote katika mtoto anayechipuka. Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kama kipande bapa ambacho hujikunja na kufumbana kuwa mrija. Mrija huo hufungika kabla ya siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Ukishindwa kufunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Ukishindwa upande wa juu, sehemu kubwa ya ubongo na fuvu haiumbiki, na mtoto huyo haishi.

Mwaka 1991 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioongozwa na Uingereza katika vituo 33 vya nchi saba. Wanawake waliokwisha kupata mtoto mwenye tatizo hilo walipewa miligramu 4 za asidi ya foliki kila siku tangu kabla ya kushika mimba. Kurudi kwa tatizo kulipungua kwa asilimia 72. Katika fani yangu ni nadra kuona kidonge cha bei ndogo namna hiyo kikifanya kazi kubwa kiasi hicho.

Hebu zihesabu siku hizo 28. Mwanamke anapogundua kwamba hedhi imechelewa, nusu ya muda huo imekwisha kupita. Anapofika kliniki kwa mara ya kwanza katika mwezi wa nne au wa tano, kama nionavyo mara nyingi katika kadi za wajawazito, mrija wa mtoto ulifungwa, au ulishindwa kufungwa, miezi kadhaa iliyopita. FEFO anayopewa siku hiyo bado ina faida kubwa kwa damu yake, na asiiache. Lakini kwa mgongo wa mtoto imechelewa.

Kisukari cha mimba hutoka wapi

Kondo la nyuma hutoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini ya mama, ili sukari ibaki katika damu kwa muda wa kutosha imfikie mtoto. Kongosho la mama hujibu kwa kuongeza insulini. Likishindwa kuongeza ya kutosha, sukari hupanda, aghalabu kuanzia wiki ya 24. Hicho ndicho kisukari cha mimba. Mwenye uzito mkubwa, mwenye umri uliosogea, mwenye ndugu wa damu mwenye kisukari, aliyewahi kuzaa mtoto wa zaidi ya kilo 4 au mtoto mfu bila sababu kujulikana, huyo yumo katika hatari zaidi. Madhara yake ni mtoto kuwa mkubwa na mabega kukwama wakati wa kuzaliwa, shinikizo la damu la mimba, na sukari ya mtoto kushuka ghafla baada ya kuzaliwa. Mama naye hubaki na uwezekano mkubwa wa kupata kisukari cha kudumu miaka ya mbele.

Hapa Tanzania tatizo hili lilikuwa likihesabiwa kama la watu wa mbali. Mwaka 1991 Profesa Swai, Profesa McLarty na wenzao waliandika kwamba wajawazito wa vijijini waliowapima hawakuonyesha kuzorota kwa uwezo wa mwili kumudu sukari. Mwaka 2014 Akwilina Mwanri na wenzake walichapisha utafiti mwingine: kisukari cha mimba kilikuwa asilimia 8.4 kwa wanawake wa mjini na asilimia 1.0 kwa wa kijijini. Yafaa kuzisoma tarakimu hizo pamoja na hali ya Tukuyu ya leo, mji ulio kando ya barabara kuu ya Mbeya kwenda Kyela, ambako mwanamke anaweza kulima chai asubuhi na kunywa soda mbili jioni, na ambako pikipiki imezifupisha safari ambazo zamani zilitembewa kwa miguu juu na chini ya milima. Sidhani kwamba mpaka kati ya mjini na kijijini bado upo pale ulipokuwa.

Tafiti zinasema nini hasa

Ujumbe wa simu ulikuwa na mzizi wake katika tafiti za China. Mmoja, uliofanyika Ma'anshan na kuchapishwa mwaka 2016, uliona kwamba wanawake waliomeza asidi ya foliki kila siku mwanzoni mwa mimba walipata kisukari cha mimba zaidi kuliko wasiomeza. Mwingine, wa Wuhan, uliochapishwa mwaka 2019, uliona ongezeko kwa waliotumia mikrogramu 800 au zaidi kwa siku tangu kabla ya mimba hadi katikati yake, yaani mara mbili au zaidi ya kiasi cha kawaida, na kwa muda mrefu.

Mwaka huo huo wa 2019 utafiti mkubwa wa wauguzi wa Marekani, wenye wanawake zaidi ya 14,000, ulitoa picha iliyo kinyume: waliokuwa wakipata foliki ya kutosha kabla ya mimba walipata kisukari cha mimba kidogo kuliko wenzao.

Msomaji ana haki ya kuuliza: sasa tushike lipi? Tafiti zote hizo tatu ni za kutazama, si za kujaribu. Watafiti hawakuwagawa wanawake kwa kura, hawa wapewe kidonge na wale wasipewe; waliwatazama tu walichokifanya wenyewe. Sasa nani humeza foliki nyingi kwa muda mrefu? Mara nyingi ni yule mwenye umri mkubwa, aliyetafuta mimba kwa shida, aliyewahi kuharibikiwa na mimba, mwenye uwezo wa kununua dawa na kupimwa mara kwa mara. Mwanamke huyo angekuwa na uwezekano mkubwa wa kukutwa na sukari hata kama asingemeza chochote. Watafiti hujitahidi kuyaondoa mambo hayo kwa hesabu, lakini hesabu haziyaondoi yote.

Hukumu yangu, baada ya kuzisoma, ni hii. Kwa kiasi cha kawaida cha mikrogramu 400, yaani miligramu 0.4, sioni ushahidi wa kumfanya mwanamke yeyote akiache. Kwa kiasi kikubwa kinachomezwa kwa miezi mingi bila sababu, ipo sababu ya kuwa waangalifu. Na kwa mama aliyewahi kumzaa mtoto mwenye mgongo wazi, ambaye hatari yake inajulikana na kinga yake imethibitishwa kwa jaribio la kura, kuacha miligramu 5 kwa kuogopa sukari ni kukimbia mvua na kuingia mtoni.

Vitamini B12 na ndoo ya maziwa

Kuna upande mmoja wa habari hii ambao ujumbe wa simu haukuugusa kabisa, nami naona ndio wenye maana zaidi kwa Rungwe. Foliki haifanyi kazi peke yake. Inahitaji mwenzake, vitamini B12, ambayo hupatikana katika vyakula vitokanavyo na wanyama tu: maziwa, nyama, mayai, samaki, dagaa. B12 ikipungua, foliki hunaswa mwilini katika umbo lisilotumika. Kibaya zaidi, foliki nyingi inaweza kuurekebisha upungufu wa damu unaosababishwa na ukosefu wa B12 na hivyo kuuficha, huku neva zikiendelea kuharibika.

Tafiti za India ndizo zilizolifungua jambo hili. Huko Pune, mwaka 2008, watafiti waliripoti kwamba watoto ambao mama zao walikuwa na foliki nyingi na B12 kidogo wakati wa mimba ndio walioonyesha ukinzani mkubwa zaidi wa insulini walipofikia umri wa miaka sita. Mysore, mwaka 2009, ilionekana kwamba wajawazito wenye upungufu wa B12 walipata kisukari cha mimba zaidi. Haya nayo ni matokeo ya kutazama. Lakini yanaelekeza kwamba tatizo huenda si foliki kuwapo, bali B12 kukosekana.

Rungwe ni wilaya ya ng'ombe wa maziwa. Ukipita Kiwira au Isongole asubuhi utakutana na ndoo zikielekea kwenye vituo vya kukusanyia maziwa. Ndoo hutoka, fedha huingia, na mjamzito aliyekata majani ya ng'ombe hubaki na chai ya rangi. Sisemi watu wasiuze maziwa. Ada za shule hutoka humo. Ninasema vikombe viwili vivuke kwanza mdomoni mwa mjamzito kabla ya ndoo kutoka. Kikombe cha maziwa kina takriban mikrogramu 1 ya B12, na mahitaji yake kwa siku ni mikrogramu 2.6. Akiongeza yai, au kitoweo cha usipa wa Ziwa Nyasa, ametimiza. Parachichi, maharage na majani ya maboga yanayopikwa kwa muda mfupi, bila kumwaga maji yake, humpa foliki ya chakula, ambayo haijahusishwa na hofu hii yote.

Na kwa kuwa nimeitaja chai: isimezewe FEFO. Chai ya Katumba ni nzuri, lakini huzuia madini chuma yasifyonzwe. Ipite saa moja au mbili kati ya kidonge na kikombe.

Dar es Salaam imewahi kuwa mahali pa utafiti mkubwa wa vitamini nyingi kwa wajawazito wasio na virusi vya UKIMWI. Wanawake 8,468 walishiriki, na matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Wote walipata madini chuma na foliki; nusu yao waliongezewa vitamini nyingine, B12 ikiwamo. Watoto waliozaliwa na uzito pungufu walikuwa asilimia 7.8 kwa walioongezewa na asilimia 9.4 kwa wengine. Lengo la utafiti halikuwa sukari, lakini unaonyesha kwamba foliki huenda vizuri ikiwa na wenzake.

Kwa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya

Hapa naomba tujitazame. FEFO ina madini chuma pamoja na asidi ya foliki isiyofikia hata nusu miligramu. Kidonge cha foliki pekee kinachopatikana kwa wingi madukani ni cha miligramu 5, zaidi ya mara kumi ya hicho. FEFO inapokwisha stoo, mama huelekezwa duka la dawa muhimu akanunue "foliki", naye hurudi na cha miligramu 5 na kukimeza hadi kujifungua. Nimeziona kadi za namna hiyo katika zaidi ya mkoa mmoja. Kidonge ni kidogo na cha njano, wala hakitishi mtu. Ndiyo maana hakuna anayeuliza ni cha nguvu gani.

Madhara ya hakika ya mchanganyiko huo wala si kisukari. Ni malaria. SP, tunayowapa wajawazito kuwakinga, huua vimelea kwa kuvinyima foliki. Mama akimeza miligramu 5 kila siku, tunavirudishia vimelea chakula chao, na SP hudhoofika. Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza wazi kwamba kiasi cha miligramu 5 au zaidi kisitolewe pamoja na SP, ila miligramu 0.4 haina tatizo. Kwa mama wa Isongole, ambako baridi huwazuia mbu, huenda hilo lisionekane mara moja. Kwa mama wa mabonde ya chini ya Busokelo yanayoelekea Kyela ni jambo la hatari.

Kwa bahati njema, dozi hizi mbili zikitumiwa inavyopaswa hazikutani. Miligramu 5 ni ya mwanamke aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, mwenye kisukari cha tangu kabla ya mimba, au anayetumia dawa za kifafa kama valproeti. Naye huitumia tangu kabla ya mimba hadi wiki ya 12, kisha huhamia FEFO. SP huanza wiki ya 13. Tuandike kwenye kadi, kwa herufi zinazosomeka, kiasi na tarehe ya kuacha.

Mwenye kisukari cha tangu zamani anastahili neno lake, kwa kuwa kwake yeye uhusiano wa sukari na mgongo wazi upo kweli, lakini unakwenda upande mwingine. Si foliki inayomletea sukari. Ni sukari iliyopanda katika zile siku 28 inayoongeza hatari ya mgongo wazi. Anahitaji foliki nyingi zaidi, na sukari iliyotulia kabla ya kushika mimba. Kama anatumia metifomini kwa miaka mingi, akumbukwe pia kwa B12, kwani dawa hiyo huipunguza. Kisukari cha mimba kinachoanza mwezi wa sita hakiwezi kuusababisha mgongo wazi. Mrija ulikwisha kufungwa zamani.

Yaliyompata mama yetu

Nilimweleza haya yote, si kwa mkupuo mmoja, na mama mkwe alisikiliza kwa makini kuliko sisi sote. Sikumficha kwamba siku zenyewe zilikwisha kupita na kwamba kidonge hakirudi nyuma. Alikubali kumeza hadi wiki ya 12. Kwa sababu ya dada yake na ya mtoto aliyetangulia, tulimpima sukari papo hapo kabla hajala: 4.6. Hakuwa na kisukari cha zamani.

Wiki ya 20 alisafiri kwenda Mbeya kwa kipimo cha picha. Uti wa mgongo wa mtoto ulikuwa umefunga vizuri. Mtoto mwenye tatizo hili hairudii kila mimba, hata pasipo kidonge. Ila hakuna mama ninayemshauri acheze kamari hiyo.

Wiki ya 26 alikunywa gramu 75 za glukosi. Kabla ya kunywa, sukari yake ilikuwa milimoli 5.4 kwa lita. Kikomo ni 5.1. Alikuwa na kisukari cha mimba. Mwanamke ambaye hakuvigusa vidonge kabla ya mimba, na akavimeza wiki tatu tu baadaye, alipata kile alichokuwa akikikimbia. Kisa kimoja si ushahidi, nami sikitumii kama ushahidi. Lakini yeye mwenyewe alitoa hitimisho kabla sijafungua mdomo: "Kumbe ni ya kwetu." Alimaanisha ukoo.

Muuguzi mkunga wa zahanati yake aliisimamia sukari hiyo kwa chakula tu: sahani ya ndizi ikapunguzwa hadi nusu, maharage na mboga vikajaza nusu nyingine, soda ikaondoka, na jioni akatembea. Hakuhitaji insulini. Alijifungua mtoto wa kike wa kilo 3.4, mgongo mzima.

Wiki ya nane baada ya kujifungua alirudia kipimo cha glukosi, nacho kilikuwa cha kawaida. Atapimwa tena kila mwaka. Siku hiyo tulizungumza kuhusu uzazi wa mpango na kuhusu mimba ijayo, kama ataitaka. Niliandika katika kadi: asidi ya foliki miligramu 5, ianze miezi mitatu kabla, iache wiki ya 12, sukari ipimwe kliniki ya kwanza. Mama mkwe, aliyekuwa amempakata mjukuu, alinyoosha kidole chake cha mkono wa kulia na kuniambia kwamba kwa kuwa kipima sukari kiko mezani, nimpime na yeye. Sukari yake, naye amekwisha kunywa chai, ilikuwa 12.3. Tukampangia aje asubuhi ya pili yake kabla hajala.